Kliniki ya Saratani Isiyopoteza Mgonjwa: Mwongozo kwa Hospitali za Kigoma

Mwanamke wa Kalya, kule kusini mwa ziwa, akigusa uvimbe kwenye titi lake, safari yake haianzii kwetu. Inaanzia zahanati, anapewa vidonge, anaambiwa arudi. Hapo katikati atapita kwa mganga wa kienyeji, kwa mchungaji au shehe, na kwa shangazi mwenye majani yake. Kisha boti hadi Kigoma mjini, foleni, kinyama cha kupimwa kinakatwa kwenye uvimbe, kinasafirishwa Mwanza. Majibu yakirudi anapigiwa simu na haipatikani, kwa kuwa namba aliyoandikisha ni ya mjomba aliyekwisha kuhama. Anarudi mwaka mmoja baadaye, uvimbe umepasuka na kuwa kidonda. Mtu wa mapokezi anamtazama na kumuuliza: "Mama, ulikuwa wapi siku zote?"

Alikuwa kwetu. Jina lake limo kwenye kitabu chetu cha chumba cha upasuaji mdogo. Sisi ndio tuliompoteza.

Mwongozo huu nauandikia wauguzi, matabibu, madaktari na waganga wafawidhi wa hospitali za Kigoma, ziwe za serikali au za mashirika ya dini, wanaotaka kuanzisha kliniki ya saratani au kunyoosha iliyopo. Sitasema sana juu ya mashine. Ubora ninaouzungumzia unahesabiwa kwa siku: ni ngapi zimepita tangu mgonjwa aseme "nina uvimbe" hadi aanze tiba, na je, hospitalini yupo mtu aliyekuwa akizihesabu?

Hatua ya 1: Andikeni mtakachofanya na msichofanya

Kaeni saa mbili: mganga mfawidhi, daktari wa upasuaji, daktari wa wanawake, mfamasia, mtu wa maabara, muuguzi wa wodi na afisa ustawi wa jamii. Tokeni na karatasi moja tu.

Hospitali ya ngazi ya mkoa, na hata ya wilaya iliyojipanga, inaweza kuchunguza mlango wa kizazi kwa siki na kutibu mabadiliko ya awali siku hiyohiyo, kupima titi kwa mkono na kwa ultrasaundi, kukata kinyama kwa usahihi, kufanya baadhi ya upasuaji, kutuliza maumivu na kumfuatilia mgonjwa aliyerudi kutoka rufaa. Mionzi ni ya kuifuata hospitali ya Bugando kule Mwanza au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Andikeni hivyo waziwazi, na mbele ya kila msichofanya wekeni jina la hospitali inayofanya, namba ya simu ya mtu wa kupokea, na siku zake za kliniki. Namba hiyo ihakikiwe kila baada ya miezi mitatu kwa kuipiga.

Kwenye karatasi hiyo liwemo onyo moja kwa wino mwekundu: mtoto hangoji siku ya kliniki. Mtoto mwenye taya lililovimba na meno kulegea, au tumbo lililojaa ghafla, anaweza kuwa na limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo seli zake huongezeka maradufu katika siku moja hadi mbili. Anayefika Alhamisi akaambiwa aje Jumatano ijayo ameshahukumiwa. Vilevile mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe usiku kama jicho la paka. Hao ni simu ya saa hiyohiyo, na safari ya kesho yake.

Hatua ya 2: Fungueni daftari la tarehe tano

Hii ndiyo hatua yenyewe. Mkishindwa zote nyingine, hii msishindwe.

Vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, vinahesabu huduma zilizotolewa mwezi huu. Havikuambii kwamba kinyama cha mama wa Kalya kina siku 47 tangu kikatwe na hakuna aliyeuliza kimefika wapi. Chukueni kaunta buku nene, kila mgonjwa ukurasa wake, siku ile ile anaposhukiwa, kabla ugonjwa haujathibitishwa. Juu ya ukurasa: jina, namba ya jalada, kijiji na kitongoji, lugha anayoielewa vizuri, hali yake ya VVU, na simu tatu. Simu ya kwanza yake, ya pili ya anayemuuguza, ya tatu ya mtu asiyehama pale kijijini, kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa ridhaa yake mgonjwa. Halafu tarehe hizi:

1. Siku alipoonana na mhudumu yeyote wa afya kwa dalili hii mara ya kwanza, hata kama ni zahanati ya kijijini.
2. Siku kinyama kilipokatwa.
3. Siku mgonjwa mwenyewe alipoambiwa majibu. Siku karatasi ilipofika maabara haihusiki hapa.
4. Siku alipoanza tiba, popote pale.
5. Siku alipomaliza tiba.

Kipimo tunacho tayari. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani ya matiti wenye shabaha tatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike wakiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mhudumu wa afya, na angalau asilimia 80 wamalize tiba yao. Ni shabaha za titi, lakini mimi ningezitumia hizo siku 60 kwa kila uvimbe unaoingia mlangoni. Kwa penseli, juu ya ukurasa, andikeni tarehe ambayo siku ya 60 itaangukia, na hiyo ndiyo itakuwa inawasuta kila mkifungua kitabu.

Daftari likae kwenye kabati lenye kufuli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila hata isingekuwepo, Kigoma ni mji ambao habari ya Ujiji asubuhi inafika Mwandiga kabla ya adhuhuri. Mwulizeni mgonjwa: tukipiga simu akapokea mwingine, tusemeje? Wengi watasema, "Sema ni kutoka hospitali, kuhusu miadi, basi." Liandikwe hivyohivyo pembeni ya namba.

Mwenye kompyuta atataka kuanza na jedwali la kompyuta. Anzeni na karatasi. Umeme ukikatika karatasi bado inasomeka.

Hatua ya 3: Mteueni msindikizaji

Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unamsindikiza hadi njia panda, unamwonyesha pa kupanda gari, ndipo unarudi. Mwaka 1990 daktari wa upasuaji Harold Freeman alianzisha kitu cha namna hiyo katika hospitali ya Harlem, New York, baada ya kuona wanawake maskini wakifika na saratani ya titi iliyokwisha kukomaa, na wengine wakipotea kati ya kugundulika na kutibiwa. Alimweka mtu ambaye kazi yake ni kumshika mgonjwa mkono kutoka dirisha moja hadi jingine. Leo vituo vya saratani vya Marekani haviwezi kufikiriwa bila mtu huyo.

Nyinyi mchagueni muuguzi mmoja, na msaidizi wake kwa siku za likizo. Sifa ya kwanza ni uvumilivu wa simu. Ya pili ni lugha: awepo anayesema Kiha bila kubabaika, maana bibi wa Buhigwe atakuitikia Kiswahili chako kwa adabu na kutoka bila kuelewa neno. Ukianza na "Mwakeye" mambo yanafunguka. Kiha na Kirundi vinasikilizana kwa kiasi kikubwa, na hilo litawasaidia pia wagonjwa Warundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ingawa wale wa Kongo watahitaji mkalimani wao.

Msindikizaji apewe simu ya kliniki, isiyo yake binafsi, na vocha ya kila mwezi iingizwe kwenye bajeti. Nacheka ninapoandika hili, lakini nimeona mpango mzuri wa ufuatiliaji ukifa kwa sababu muuguzi alichoka kununua muda wa maongezi kwa mshahara wake. Kila Jumatatu anafungua daftari ukurasa baada ya ukurasa, na kila asiye na tarehe inayofuata anapigiwa.

Hatua ya 4: Ipangeni siku ya kliniki kwa ratiba ya boti na basi

Kabla ya kuchagua siku, tembea gatini na stendi. Uliza boti za vijiji vya Uvinza zinaingia siku gani na kuondoka lini, na basi la Kibondo na Kakonko linaondoka saa ngapi kurudi. Mgonjwa akiikosa boti, gharama yake ni kulala mjini siku kadhaa, na ndugu wa kulala kwake pengine hana. Wanaotoka mbali waonwe kwanza, wa Gungu na Mwanga wasubiri kidogo. Waelezeni sababu, watu wa Kigoma hawana ubishi na jambo la haki likielezwa.

Kile chumba kiwe na mlango unaofungwa, pazia, maji na kitambaa cha kujifunika. Kama daktari ni mwanaume, mwanamke aulizwe kama anaridhia na muuguzi wa kike awepo ndani. Benchi la wagonjwa wenye vidonda vinavyotoa harufu lisiwe nje upepo unakopita. Wawe na chumba, waingie mapema. Mapokezi wote wafunzwe jambo moja: lile swali la "ulikuwa wapi siku zote" limefutwa. Badala yake ni "Karibu mama, pole na safari. Umeanza kuona hali hii lini?" Ni swali lilelile, linaleta jibu lilelile, ila mgonjwa anabaki.

Na asiulizwe kwa ukali kuhusu mganga wa kienyeji. Ukimkaripia atakuficha, na wewe unahitaji kujua kama amechanjwa chale juu ya uvimbe au anakunywa mizizi inayoweza kugombana na dawa zako.

Hatua ya 5: Kinyama kikatwe vizuri, kihifadhiwe vizuri, kifike

Hapa ndipo miezi inapopotelea, na kosa huwa dogo la aibu.

Kwanza, msichomoe uvimbe wa titi kienyeji ili "tuuone". Titi lenye uvimbe unaotiliwa shaka linapimwa kwa mkono, kwa ultrasaundi, na kwa sindano nene inayotoa vipande vyembamba. Uvimbe ukichomolewa ovyo, kingo zikabaki na seli, daktari wa Bugando atapokea titi lililovurugwa na hatajua aanzie wapi.

Pili, fomalini. Inayotakiwa ni ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya fomalini kali ya dukani kwa sehemu tisa za maji, na ikiwa na chumvi za kutuliza asidi ni bora zaidi. Kinyama kiingie humo ndani ya saa moja tangu kikatwe, na dawa iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama. Kwa saratani ya titi, ambapo maabara itahitaji kupima vipokezi vya homoni, kinyama kikae kwenye fomalini si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72 kabla ya kuchakatwa. Saa 72 ni siku tatu. Sasa hesabu mwenyewe: umekata Ijumaa mchana, basi la Mwanza limepita, Jumamosi na Jumapili hakuna mtu maabara. Kwa hiyo vinyama vya titi vikatwe mwanzoni mwa wiki, vitumwe kesho yake. Basi la kupitia Nyakanazi lina nafuu sasa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kulala njiani kusubiri pantoni.

Tatu, chupa iwe na mdomo mpana. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi tulikuwa tukitumia vichupa vya sindano za antibiotiki. Kinyama laini kinaingia kwa kusukumwa. Kikishakaa kwenye fomalini kinakuwa kigumu kama kifutio, hakitoki. Maabara ilituandikia kwamba imebidi chupa ivunjwe na kipande kimepondeka. Mgonjwa aliitwa kukatwa upya. Hakuja.

Jina liandikwe kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko, kwa penseli au wino usiofutika na fomalini. Fomu ijazwe yote: umri, upande wa titi, hali ya VVU, mnachoshuku. Fomu iliyoandikwa "uvimbe, naomba vipimo" inarudi na jibu la namna hiyohiyo. Siku kifurushi kinapoondoka, msindikizaji anaandika namba ya basi na jina la mpokeaji. Siku ya tatu anapiga kuuliza kama kimefika. Siku ya kumi na nne anapiga kuuliza majibu.

Hatua ya 6: Kumwambia mgonjwa

Jibu limefika, ni saratani. Kijana wa kiume anamwahi daktari koridoni: "Dokta, tafadhali, mama asiambiwe. Atakufa kwa mshtuko." Kila aliyefanya kazi hii anaijua koridoo hiyo.

Msimgombeze kijana, ni upendo unaosema. Mwambieni, "Tumekusikia, kaka. Hatutamwambia mama asilotaka kusikia. Lakini tutamuuliza yeye anataka kujua kiasi gani." Kisha mkae chumbani, simu zimezimwa, mama ameketi karibu na anayemchagua yeye. Mwanzo ni kumuuliza anajua nini: "Mama, mpaka leo umeelezwa nini kuhusu uvimbe huu?" Mara nyingi anajua zaidi kuliko wanawe. Halafu: "Majibu yametoka. Ungependa nikueleze wewe yote, au nieleze kwa kifupi na mengine nimweleze kijana wako?" Akichagua mwanawe aelezwe, hiyo nayo ni haki yake, iandikwe kwenye jalada.

Lisemwe neno lenyewe, saratani au kansa, mara moja, kwa sauti ya kawaida. "Uvimbe mbaya" na "tatizo kidogo kwenye seli" vinamwacha akidhani ni jipu. Ukishalisema, nyamaza. Madaktari wengi hapa huanza kumwaga maneno ya hatua na dozi kwa kuwa ukimya unawatisha wao. Mwache alie, mwache aseme "ni mipango ya Mungu". Akitulia, mweleze jambo moja litakalofuata na tarehe yake. Jambo moja tu. Mengine atayasikia wiki ijayo au kwa simu ya msindikizaji.

Kabla hajaondoka muulize arudie kwa maneno yake: "Ukifika nyumbani baba akikuuliza, utamwambiaje?" Hapo utajua kama umeeleweka.

Na yapo maswali mawili ambayo hayamo kwenye fomu za hospitali nyingi, nayo yabadilishe tiba: ni kitu gani kinakutia hofu zaidi? Ni kitu gani lazima ukifanye miezi hii? Mwanamke aliyesema lazima avune maharage kwanza, kwa sababu ndiyo ada ya mtoto, hakuwa anakaidi. Alikuwa anakupa ratiba.

Hatua ya 7: Rufaa yenye mtu mwisho wake

Barua ya rufaa peke yake ni karatasi. Kabla ya kumtuma mgonjwa, piga simu upate tarehe, na peleka muhtasari wa ukurasa mmoja: umri, majibu ya patholojia, hatua ya ugonjwa kadiri mlivyoipima, VVU na dawa anazotumia, figo na damu, hali yake ya nguvu, na anachotaka yeye. Hali ya nguvu iandikwe kwa kipimo cha ECOG, ambacho ni rahisi: 0 anafanya kazi zake zote kama zamani, 1 anaweza kazi nyepesi, 2 anajihudumia lakini kazi hawezi, na muda mwingi wa mchana bado yuko juu, 3 zaidi ya nusu ya mchana amelala, 4 hatoki kitandani kabisa. Mgonjwa wa 4 akipandishwa basi la saa nyingi kwenda Mwanza kwa sababu hakuna aliyetaka kusema ukweli, huo si utu.

Kama hospitali kubwa inapokea vikao vya video, ombeni nafasi muwajadili wagonjwa wenu kabla hawajasafiri. Wengine itaonekana wanaweza kuanzia hapahapa, wengine hawana haja ya safari.

Sasa pesa, tuzungumze bila kuzunguka. Saratani imo katika magonjwa yanayotajwa kwenye msamaha wa matibabu, na afisa ustawi wa jamii aandike barua kabla ya safari, si baada ya mgonjwa kukwama dirishani ugenini. Lakini msamaha haulipi nauli wala chakula. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayetibiwa kwa lengo la kupona hupata mionzi ya nje takriban mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, ikifuatiwa na mionzi ya ndani, na yote inapaswa kuisha ndani ya wiki nane hivi, maana ikivutwa zaidi matokeo yanaharibika. Kwa hiyo swali la "una ndugu Mwanza?" ni swali la tiba. Ukimtuma bila kulijibu, atapata mionzi mara tisa, atarudi nyumbani kuangalia watoto, na hapo mmepoteza vyote.

Msindikizaji akae na familia wachore miezi miwili: nani atakwenda naye, watalala kwa nani, nani atabaki na watoto, shamba litapaliliwa na nani. Kanisa, msikiti, kikundi cha vikoba, wote waulizwe, kwa ruhusa ya mgonjwa. Siku ya kuondoka apewe karatasi yenye jina la mtu atakayempokea. Siku anapotarajiwa kufika, piga. Asipofika, tafuta siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Dripu za kemo, msizikimbilie

Nasema kwa maoni yangu: afadhali kliniki isiyotoa tibakemia (kemo) kabisa na haipotezi mgonjwa hata mmoja, kuliko inayotundika dripu bila mfamasia aliyefunzwa. Mkianza, anzeni kwa kuendeleza mizunguko iliyopangwa na Bugando au Ocean Road, kwa dawa chache, baada ya watu wenu kukaa huko wakajifunza kwa mikono.

Dozi nyingi hupigiwa hesabu kwa eneo la mwili: zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawanya kwa 3,600, tafuta kipeuo cha pili. Mwenye sentimita 160 na kilo 56 anapata kama mita za mraba 1.58. Hesabu hiyo waifanye watu wawili, kila mmoja peke yake bila kuona karatasi ya mwenzake, na uzito upimwe upya kila mzunguko. Wagonjwa hawa hupungua. Doksorubisini ikivuja nje ya mshipa huchoma nyama: simamisha, usichomoe kanula kabla ya kuvuta dawa iliyobaki. Vinkristini haichomwi kwenye uti wa mgongo kamwe, inaua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari iandaliwe kwenye mfuko mdogo wa dripu na isiwekwe kwenye sirinji. Anayemuuguza mgonjwa nyumbani avae glavu akishika matapishi, mkojo au shuka zilizolowa kwa saa 48 baada ya dawa.

Jambo la Kigoma kwelikweli ni homa. Huku mwenye homa anapimwa malaria, akikutwa nayo anapewa dawa mseto na kurudishwa nyumbani. Mgonjwa wa kemo ambaye chembe nyeupe zimeshuka anaweza kuwa na malaria na pia bakteria kwenye damu, akafa usiku huo. Mpeni kadi ya kubeba shingoni au kwenye pochi, yenye herufi kubwa: "Natibiwa kwa kemo. Nikiwa na joto la 38 au zaidi, nipewe antibiotiki ya sindano ndani ya saa moja, hata kama malaria imeonekana. Piga namba hii." Zahanati na vituo vya afya vya njia anayopita vipewe taarifa hiyo mapema. Kadi ni karatasi tu, na ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote mtakazonunua.

Hatua ya 9: Maumivu na vidonda

Kila ziara, kila mgonjwa, aulizwe maumivu kwa vidole: ngumi ni hakuna, vidole vitano ni yasiyovumilika. Jibu liandikwe pamoja na joto na presha. Afrika tuna kipimo chetu cha huduma ya tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, chenye maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza, yakigusa maumivu, wasiwasi, na kama amepata wa kuongea naye.

Mofini ya kunywa inaogopwa na wahudumu kuliko wagonjwa. Huko mtaani inaitwa dawa ya kufia, kwa kuwa tunaitoa mtu akiwa anakata roho. Kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia, miligramu 5 kila saa 4, mzee au aliyedhoofu 2.5, kisha inapandishwa kwa kufuata maumivu, huku figo zikiangaliwa. Dawa ya kulainisha choo inaanza siku ileile, bila kusubiri malalamiko. Kibali, kabati lenye kufuli mbili na daftari la kuhesabu mililita vitangulie. Mfamasia anayejua kwamba hesabu zake ziko sawa hana sababu ya kuificha chupa.

Kidonda kinachonuka kinamtenga mgonjwa na mumewe, na watoto, na ibada. Sageni vidonge vya metronidazole kuwa unga, nyunyizieni kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi, funikeni. Baada ya siku chache harufu inapungua sana. Nimemwona bibi mmoja akirudi kuketi sebuleni na wageni kwa sababu ya unga huo, na hakuna mashine ya mamilioni ingempa hilo.

Hatua ya 10: Kikao cha mwezi

Hospitali zetu zinajua 5S, hatua tano za kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mabango yapo hadi chooni. Tunakwama kwenye Shikilia, na kikao cha mwezi ndicho kinachoshikilia.

Dakika 45, mganga mfawidhi awepo. Msindikizaji asome kutoka daftarini: wangapi wameingia, wangapi wamevuka siku 60 bila jibu, wangapi walioanza tiba wamemaliza, wangapi wana maumivu ya vidole vitatu na kuendelea. Kisha mchague ukurasa mmoja wa mgonjwa aliyecheleweshwa na kuufuata tarehe kwa tarehe: hapa alikaa siku 19, kwa nini? Fomalini ilikwisha. Nani anaagiza? Kinachoulizwa mezani ni utaratibu. Jina la muuguzi lisitafutwe, ama sivyo mwezi ujao tarehe zitaanza kuandikwa za uongo.

Sanduku la maoni liacheni, ila msilitegemee. Ufunguo wake mara nyingi hupotea. Badala yake mtu asiye wa kliniki awapigie wagonjwa kumi kila mwezi na kuwauliza manne: uliambiwa una ugonjwa gani? Unajua siku ya kurudi? Kuna mtu alikudai fedha bila risiti? Kuna aliyekusemesha vibaya? Majibu yasomwe kikaoni kama yalivyotamkwa.

Jinsi ya kufunga ukurasa

Ukurasa wa mgonjwa unafungwa kwa njia tatu tu. Amemaliza tiba, na tarehe za kurudi kuangaliwa zimeandikwa. Amehamia hospitali nyingine, na msindikizaji amezungumza na aliyempokea. Au amefariki, hapo iandikwe alifia wapi na kama maumivu yalikuwa yametulizwa, na ndani ya wiki moja familia ipigiwe simu ya pole. Kwenye simu hiyo wasikilizeni, na chupa ya mofini iliyobaki waombeni wairudishe.

Neno "hajulikani alipo" halifungi ukurasa. Ukurasa huo unabaki wazi, namba ya tatu inapigwa, na mhudumu wa afya wa kijiji anaombwa apite nyumbani kwake.